Fundi Anauliza: Nguvu ya drili imo ndani ya betri, haimo kwenye kartoni

SWALI

Bwana Mhariri, nakusalimu wewe na wote wanaoandaa ukurasa huu. Mimi ni seremala wa hapa Goma, mtaa wa Majengo. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikijenga nyumba za mbao, nikitundika milango na madirisha, nikipigilia manjanja, yaani mabati, na nyakati nyingine nikirekebisha chukudu za majirani, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Drili yangu ya waya inanisumbua, kwa sababu viwanja vingi ninakofanyia kazi havina umeme, na pale ulipo hukatika kabla sijamaliza kutundika mlango mmoja. Nimeweka dola 120 kando kwa ajili ya drili ya betri. Katika maduka ya Birere nimeonyeshwa moja ya volti 21, nyingine iliyoandikwa 48VF, na nyingine 128VF, zote kati ya dola 35 na 50 pamoja na betri mbili. Muuzaji ananiambia kwamba namba inapokuwa kubwa ndipo na mashine inapokuwa na nguvu. Duka lingine lina drili ya chapa maarufu ya Japani kwa dola 110, lakini bila betri wala chaja. Wateja wangu huniomba pia nitoboe kuta za mawe ya volkano ili kufunga vyuma vya pazia na matangi ya maji. Ninunue ipi, ili nipate nguvu bila kupoteza pesa?

Seremala wa Majengo, Goma

JIBU

Ndugu seremala, katika barua yako mna kazi mbili ambazo haziombi mashine moja: ubao na jiwe. Jiwe nitalifikia baadaye. Kwanza tuondoe namba za kwenye kartoni, kwa maana hizo ndizo zinazowatoa watu pesa mfukoni.

Betri ya drili za siku hizi ni mkusanyiko wa seli ndogo za lithiamu. Seli ya kawaida ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Inapofanya kazi huhesabiwa kuwa na volti 3.6, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Seli 5 zikiunganishwa kwa mstari hutoa volti 18. Anayetaka kuzisifu zikiwa zimejaa atasema ni volti 21. Na Marekani, ambako wauzaji wamezoea kuhesabu volti 4 kwa kila seli iliyotoka kwenye chaja, wataandika 20. Kwa hiyo 18, 20 na 21 ni mashine za daraja moja, kama mtu anayeitwa jina la ubatizo kanisani, jina la ukoo nyumbani na jina la utani sokoni. Vivyo hivyo, drili ndogo iliyoandikwa volti 12 ina seli 3, na ndiyo hiyo hiyo ambayo kiwanda kingine kitaiandika 10.8.

Sasa tuje kwenye 48VF na 128VF. Herufi hizo mbili, VF, si kipimo cha umeme kinachojulikana popote. Betri ya kutoa volti 128 za kweli ingehitaji seli 31 kwa mstari, hata tukizihesabu zikiwa zimejaa. Seli moja ina uzito wa gramu 45 hivi, kwa hiyo seli peke yake zingekaribia kilo moja na nusu, na hakuna seremala ambaye angeinua mashine hiyo juu ya ngazi kutwa nzima. Mimi mwenyewe niliwahi kununua drili iliyoandikwa 88VF, kwa bei iliyonifurahisha sana siku hiyo. Betri yake ya kwanza ilipokufa mwezi wa tatu, fundi wa simu alinifungulia ganda tukaikuta seli 5 zilizopangwa vizuri, yaani volti 21 zile zile, na nafasi tupu kando yake ambayo ingetosha seli nyingine 5. Tangu siku hiyo sisomi tena kartoni. Ninainua betri.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalokuomba ufanye: pima betri kwa uzito. Betri ya volti 18 yenye seli 5 za kawaida, pamoja na ganda lake, huwa na gramu 350 hadi 400. Yenye seli 10 hupita gramu 600. Ukiambiwa kwamba betri ni ya ampea-saa 6 na mkononi ni nyepesi kama gamba la yai, huna haja ya kubishana na muuzaji. Pita kwa mama anayeuza maharage kwa kilo, umwombe mizani yake kwa dakika moja. Inanishangaza kwamba sisi watu wa mji huu tukipokea noti ya dola huigeuza juani na kutafuta mpasuko wa milimita mbili kabla ya kuikubali, lakini betri, ambayo mara nyingi ni karibu nusu ya thamani ya mashine, tunaipokea bila hata kuitoa kwenye mfuko wake wa plastiki.

Ampea-saa ndicho kipimo cha akiba, yaani mashine itafanya kazi kwa muda gani kabla ya kurudi kwenye chaja. Seli ya milimita 18 kwa 65 iliyotengenezwa kwa ajili ya zana huwa na ampea-saa 1.5 hadi 3, na seli 5 zilizo kwenye mstari mmoja haziongezi akiba hiyo, bali zinaongeza volti tu. Ili kupata ampea-saa 4 au 5 inabidi kuweka mistari miwili, yaani seli 10, au kutumia seli kubwa zaidi za milimita 21 kwa 70, ambazo nazo ni nzito. Ukizidisha volti kwa ampea-saa unapata wati-saa: volti 18 kwa ampea-saa 2 ni wati-saa 36, na kwa ampea-saa 4 ni 72. Hesabu hii ndiyo inayopaswa kulinganishwa kati ya duka na duka, kwa sababu haina herufi za kubabaisha. Tena betri yenye seli 10 haichelewi kuisha tu. Kila seli hubeba nusu ya mzigo, mashine hailegei unapoingiza skurubu ndefu, na betri hupata joto kidogo, jambo linaloirefushia maisha.

Nguvu yenyewe ya kutoboa na kukaza hupimwa kwa newtonimita, nayo ni nguvu ya kusokota. Drili ndogo za volti 12 huwa na newtonimita 30 hivi, na drili za volti 18 za bei ya kati huwa na 45 hadi 65. Zile za wakubwa hupita 100 na huja na mpini wa pembeni, kwa sababu meshi, kile chuma kinachotoboa, ikikwama ghafla ndani ya ubao zinaweza kumvunja fundi mkono. Kwa kazi ya milango, madirisha na fremu za nyumba za mbao, 50 za kweli zinatosha. Nasema za kweli kwa kuwa kartoni huandika kipimo kikubwa zaidi, kile cha skurubu inayogonga chuma na kusimama ghafla, wakati katika ubao, ambako mzigo hupanda polepole, mashine hiyo hiyo inaweza kutoa karibu nusu yake tu.

Kwa sababu hiyo usinunue kwa kusoma. Nenda dukani na kipande cha mkaratusi mkavu, unene wa sentimita 5, na meshi bapa ya milimita 25. Mwombe muuzaji akuruhusu utoboe matundu matano mfululizo kwa gia ya kwanza, ile ya mwendo wa polepole. Drili nzuri italalamika kidogo lakini itamaliza, na drili dhaifu itasimama katika tundu la pili au itatoa harufu ya waya unaoungua. Usifanye ule mchezo wa vijana wa dukani, wa kushika mdomo wa drili kwa kiganja ili kuona kama utauzuia. Unapima ngozi yako, hupimi mashine. Kisha funga meshi ndefu nyembamba, uizungushe polepole na kuangalia ncha yake: ikicheza huku na huku kama mkia wa mbuzi, mhimili umepinda, na mashine hiyo haitakutobolea tundu la bawaba lililonyooka hata siku moja. Achia kitufe ghafla uone kama inasimama papo hapo. Zungusha ile pete yenye namba iliyo nyuma ya mdomo, kwa sababu ndiyo inayozuia skurubu isizame kupita kiasi. Kwenye mashine za kubahatisha, namba 3 na namba 15 hazina tofauti yoyote.

Usisahau chaja, ambayo wanunuzi wengi huichukulia kama kamba ya bure. Soma maandishi madogo yaliyo nyuma yake. Ikiwa inatoa ampea 2, betri ya ampea-saa 2 itajaa baada ya saa moja na kidogo. Ikiwa inatoa nusu ampea, na ziko nyingi za namna hiyo, betri ya ampea-saa 4 itachukua zaidi ya saa nane, na katika mji ambao umeme huja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, saa nane mfululizo ni ahadi ambayo hakuna anayeweza kuitoa. Ukichaji kwa paneli ya jua na inveta, betri ya wati-saa 36 itakula kama wati-saa 45 ukijumlisha kinachopotea njiani, jambo ambalo paneli ya wati 100 hulimudu katika asubuhi yenye jua. Jenereta ndogo ambayo sauti yake hupanda na kushuka ndiyo ninayoiogopa, kwa sababu volti zake hupanda na kushuka pia, na chaja za bei rahisi hufa kwa njia hiyo. Betri iliyotoka kwenye kazi nzito ikiwa na joto iache ipoe kwanza kabla ya kuirudisha kwenye chaja. Katika jambo hili sisi wa Goma tuna bahati, kwa kuwa ubaridi wetu wa mita 1,500 juu ya bahari unazipendeza betri za lithiamu kuliko jua la nchi za chini.

Kuhusu mota, utaambiwa kuna zenye makaa, vile vipande vidogo vya kaboni vinavyosuguana ndani yake na kuipa umeme, na zisizo na makaa. Zisizo na makaa hutumia umeme vizuri zaidi, hazina kitu cha kusuguana na kuisha, na kwa betri ile ile hufanya kazi kwa muda mrefu zaidi. Lakini zinaendeshwa na kibao cha elektroniki, na kibao hicho kikiungua mafundi wetu wengi watakurudishia mashine na kukupa pole. Mota yenye makaa, makaa yakiisha, hufunguliwa na kuwekewa mengine kwa pesa ndogo. Kwa hiyo msimamo wangu, ambao najua wengine wataupinga, ni huu: kati ya mota isiyo na makaa iliyokuja na betri moja nyepesi, na mota yenye makaa iliyokuja na betri mbili nzito, chukua ya pili.

Sasa dola zako 120. Ile drili ya Japani ya dola 110 bila betri ni chukudu isiyo na magurudumu. Mashine yenyewe huenda ni nzuri, lakini betri halisi moja na chaja yake vitakudai pesa nyingine ambazo hujaziweka kando, nawe utashawishika kununua betri ya kuiga, na hapo utakuwa umelipa bei ya jina ili kupata nguvu ya kitu kisicho na jina. Zaidi ya hayo, chapa hizo kubwa ndizo zinazoigwa zaidi. Tafuta chapa ya kati ya volti 18 au 20 ambayo betri zake zinauzwa pia peke yake mjini. Ingco na Total, ambazo ni chapa za Kichina zinazouzwa katika nchi nyingi za Afrika, zote mbili zina familia ya mashine za volti 20 zinazotumia betri moja. Nasisitiza neno familia, kwa sababu betri ya chapa moja kwa kawaida haiingii katika mashine ya chapa nyingine, na siku utakayonunua msumeno au mashine ya kusaga, utanunua mwili tu kama betri unayo tayari. Makita, kwa mfano, imedumu na umbo moja la betri za volti 18 tangu mwaka 2005, na ndiyo sababu viwanda vingi visivyo na jina huiga umbo hilo. Kwa mnunuzi makini hiyo si habari mbaya hata kidogo, kwa maana drili isiyo na jina yenye mlango wa umbo hilo itapata betri mbadala kwa urahisi kuliko ile yenye mlango wake wa pekee.

Ukikosa chapa ya kati, ile ya volti 21 uliyoonyeshwa Birere inaweza kukufaa, iwapo itafaulu mtihani wa mizani na wa mkaratusi. Iliyoandikwa namba ya kweli inastahili kuaminiwa zaidi kidogo kuliko iliyoandikwa 128. Kwa vyovyote vile usimalize dola zote kwenye mashine. Bakiza 15 au 20 za meshi nzuri: za mbao, za chuma, na chache zenye ncha ngumu za kutobolea ukuta. Nimewaona mafundi wakiitukana drili isiyo na kosa lolote, kumbe meshi imelala butu tangu mwaka uliopita.

Na ikiwa kazi yako kubwa ni kuingiza skurubu za sentimita 10 kwenye fremu za mkaratusi au mvule, jua kwamba kuna mashine nyingine, fupi, isiyo na mdomo wa kukaza bali tundu la pembe sita, ambayo hukaza huku ikigonga kwa mzunguko. Hiyo hutoa newtonimita 150 na zaidi bila kukupinda mkono. Haitoboi matundu makubwa vizuri, lakini kwa skurubu haina mpinzani, na hutumia betri zile zile za familia. Iweke katika mpango wa mwaka ujao.

Nimeahidi kulifikia jiwe. Ukuta wa mawe ya volkano, ambayo tumeyapata kwa wingi kupita tulivyoyaomba, hasa tangu tarehe 17 Januari 2002 lava ilipopita katikati ya mji, ni mgumu kwa namna yake. Jiwe lenyewe ni gumu kama chuma cha reli, lakini ndani yake mna vitundu vya hewa, kwa hiyo meshi huteleza, hutumbukia kwenye kitundu, hugeuka upande na kukwama. Drili nyingi za betri zina alama ya nyundo, na muuzaji atakwambia kwamba zinatoboa zege. Nyundo hiyo ni visahani viwili vyenye meno vinavyosuguana, na nguvu ya pigo lake inatokana na mabega yako, kadiri unavyoegemea. Kwenye tofali la udongo inatosha. Kwenye jiwe letu utapata vumbi, kelele na betri tupu. Mashine inayofaa ni ile ambayo ndani yake kuna pistoni inayobana hewa na kupiga yenyewe, ikishika meshi zenye mifereji za mfumo wa SDS, ambao Bosch waliutoa mwaka 1975. Pigo lake hupimwa kwa juli, na juli 2 hadi 3 zinatosha kwa matundu ya milimita 6 hadi 12. Ya betri ni ghali, lakini ya waya, ya wati 800 hivi, ni nafuu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kama likelemba yako, kile chama cha kuchangiana pesa kwa zamu, ina maseremala wanne, inunueni moja ya pamoja, ipite mikononi mwenu pamoja na jenereta siku za kazi ya mawe, na kila mmoja abaki na drili yake ya betri kwa ajili ya mbao.

Ukilazimika kutoboa kwa drili ya kawaida, usishambulie jiwe, tafuta kiungo cha saruji kati ya jiwe na jiwe. Anza na tundu la milimita 6 ndipo uje na la 10, toa meshi mara kwa mara ili vumbi litoke, na vaa miwani, kwa kuwa vipande vya lava hukata kama chupa. Kwa pazia, hiyo inatosha. Kwa tangi la maji nakuomba umkatalie mteja kwa heshima: tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, nalo hujengewa msingi, halining'inizwi ukutani hata kwa mashine ya bei gani.

SWALI

Mheshimiwa, mume wangu marehemu aliacha drili ya betri ya zamani, ya volti 14.4, ambayo bado inazunguka vizuri lakini betri zake zimekufa zote mbili. Mwanangu amemaliza kujifunza useremala na sina uwezo wa kumnunulia mpya. Kijana mmoja anasema atabadilisha seli aweke za lithiamu na tutumie chaja ile ile. Nyumbani tuna betri ya jua ya volti 12. Nifanyeje?

Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU

Mama, pole kwa kumpoteza mzee, na hongera kwa kijana. Kwanza mwambie huyo fundi asiguse chaja. Betri za zamani za volti 14.4 zilikuwa na seli 12 za volti 1.2, kwa kawaida za nikeli na kadmiamu, na chaja yake ilitengenezwa kwa tabia ya seli hizo. Seli za lithiamu zikipewa umeme bila kibao cha kuzilinda, na bila chaja inayojua kusimama zikifika volti 4.2 kila moja, zinaweza kuwaka moto, tena usiku mkiwa mmelala. Kubadilisha seli kunawezekana, lakini pamoja na kibao cha ulinzi na chaja mpya, na ukijumlisha gharama hizo tatu utakuta zinakaribia bei ya drili ndogo mpya.

Betri yako ya jua inakupa njia rahisi zaidi. Drili ya volti 14.4 huzunguka kwa volti 12, ikiwa na mwendo wa chini kidogo, na kwa mwanafunzi hilo si kasoro. Mwanao afungue ganda la betri iliyokufa, aondoe seli, aunganishe waya mbili kwenye vishikio vyake akizingatia chanya na hasi, kisha azipeleke kwenye betri ya jua. Waya ziwe nene, milimita 6 za mraba, na zisizidi mita 3, kwa sababu drili ikibanwa na ubao inaweza kuvuta ampea 20 na zaidi, na waya nyembamba za taa zitayeyuka. Karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri aweke fyuzi ya ampea 30. Kazi itafanyika uani tu, si kwa wateja, lakini ataweza kutengeneza viti na meza na kujiwekea akiba. Zile seli zilizotolewa zisitupwe kwenye mtaro unaoteremka ziwani, wala watoto wasizichezee, maana kadmiamu ni sumu. Zifunge katika mfuko na uzitunze hadi upate mahali wanapokusanya betri zilizokufa.

SWALI

Kaka, mjomba wangu anarudi Lubumbashi kutoka Dubai kwa ndege na anataka kuniletea drili. Nimwambie aangalie nini?

Kijana wa Katuba

JIBU

Mdogo wangu, mwambie mambo matatu. Betri za akiba asiziweke kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Zinabebwa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa, na kila moja isizidi wati-saa 100 isipokuwa shirika la ndege limeruhusu. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ina wati-saa 90, hiyo inapita. Pili, asome chaja: umeme wa Dubai unalingana na wetu, kwa hiyo tatizo litakuwa umbo la plagi tu, lakini bidhaa iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani, yenye chaja ya volti 120 peke yake, itaungua siku utakapoichomeka. Tatu, kabla hajalipa, wewe zunguka maduka ya mjini uone ni betri za chapa gani zinazopatikana Lubumbashi, au zinazoweza kuagizwa kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kisha mtumie jina hilo. Mjomba harudi Dubai kila betri inapokufa.